Damu isiyo na ratiba: ‘madhara’ au ‘kawaida’?

Maisha ya Kanja, huku Embu, yanatawaliwa na kalenda. Kuna siku ya soko, siku ya kuchuma chai na siku ya bonasi. Hata mwili wa mwanamke tumeuwekea kalenda yake. Twasema kwamba yuko mwezini. Je, damu ikimtoka nje ya mwezi huo, wiki mbili mfululizo, baada ya kudungwa sindano ya kupanga uzazi, tutasema yuko wapi?

Swali hili linaihusu Embu kuliko kaunti nyingine yoyote. Utafiti wa kitaifa kuhusu idadi ya watu na afya wa mwaka 2022 ulibaini kwamba wanawake 75 kati ya kila 100 walioolewa katika kaunti hii walikuwa wakitumia mbinu za kisasa za kupanga uzazi. Hicho kilikuwa kiwango cha juu kabisa nchini, ambako wastani ulikuwa 57. Kwa taifa lililoanzisha mpango rasmi wa uzazi mnamo 1967, hayo ni mafanikio makubwa. Hata hivyo, mbinu zinazopendwa zaidi, yaani sindano na vipandikizi, ndizo hasa zinazovuruga hedhi.

Mimi ni mtu wa isimu, si daktari. Kwa hivyo nitaanza na maneno mawili ambayo mama huyo hukutana nayo.

La kwanza ni ‘madhara’. Ndivyo tulivyozoea kuyaita mabadiliko yote yanayoletwa na dawa. Lakini madhara ni jamaa ya kudhuru. Anayeambiwa kwamba sindano ina madhara huelewa kwamba amedhuriwa, na akiona damu huamini kwamba tumbo la uzazi limeharibika. Neno ‘athari’ lingefaa zaidi, kwa kuwa athari yaweza kuwa njema, mbaya au ya kupita tu.

La pili ni ‘kawaida’. Mama hurudi zahanati na wasiwasi wake, naye huambiwa, “Hiyo ni kawaida, nenda nyumbani.” Kawaida ni utaratibu uliozoeleka, nayo damu hii kosa lake ni kukosa utaratibu! Neno la kwanza humtisha. La pili humnyamazisha. Akikosa la tatu, huiacha mbinu hiyo kimyakimya, na baada ya miezi michache hujikuta na mimba asiyoipanga.

Kiswahili si fukara kiasi hicho. Waislamu wa pwani wana neno ‘istihadha’, yaani damu itokayo nje ya siku za hedhi, nao huitofautisha na hedhi hata katika hukumu za sala na saumu. Tunachokosa ni subira ya kueleza.

Maelezo yenyewe si marefu. Homoni iliyo katika sindano na vipandikizi huufanya utando wa ndani wa mji wa mimba kuwa mwembamba, na mishipa yake midogo huvuja ovyo. Kuvuja huko hakumaanishi kwamba kinga imekwisha. Kwa sindano ya miezi mitatu, matone ni mengi miezi ya mwanzo, kisha wanawake wengi hukosa hedhi kabisa; wala damu hiyo haijikusanyi tumboni, kama wengi wanavyohofu. Kwa kipandikizi, ratiba yaweza kubaki haitabiriki kwa muda mrefu. Anayemeza tembe naye akumbuke kwamba kusahau moja au kubadilisha saa huleta matone.

Aidha, tiba ipo. Muuguzi anaweza kumpa mama dawa ya aina ya ibuprofeni kwa siku chache, au tembe zenye homoni mbili kwa muda, iwapo hana shinikizo la damu wala kizuizi kingine. Akichoka, ana haki ya kubadilishiwa mbinu bila kukaripiwa. Lakini damu ikiwa nyingi kupita kiasi, ikitoka baada ya tendo la ndoa, ikiandamana na maumivu makali, kizunguzungu au dalili za mimba, asingoje: achunguzwe. Huenda chanzo ni maambukizi, uvimbe au saratani ya mlango wa uzazi, na hapo ndipo neno ‘kawaida’ linapoweza kuua.

Kuna na suala la mfuko. Serikali iliondoa ushuru wa thamani ya ziada kwa sodo mnamo 2004, na sheria ya 2017 ikawaahidi wasichana wa shule za umma sodo za bure. Mama mchuma chai hakutajwa. Wiki tatu za matone ni gharama ambayo hakuna aliyemhesabia, na mumewe, ambaye naye hunufaika na mpango huo, mara nyingi hana habari. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Leo tungeongeza kwamba hata asiyetaka kuzaa hafai kuficha. Kabla sindano haijaingia mkononi, mama aambiwe kwa lugha anayoielewa: damu yako itabadilika, hivi na hivi, ikifika hapa, rudi. Sentensi hiyo haihitaji bajeti. Yahitaji dakika tano na muuguzi asiyeona haya kuitamka.