Mlimuuliza Maswali Kumi, Mkaenda na Majibu

Sawa, leo tuongee, na leo sina jokes.

Wiki jana niliposti video nikiwa ushago, upande wa Mbooni. Dakika moja tu: binamu yangu anapika isyo, mtoto amemfunga mgongoni, moshi unamwingia machoni na bado anacheka. Nilidhani mtaniuliza mbona tunaweka maharagwe mengi kuliko mahindi. Kuamka asubuhi, komenti zimejaa. "Mbona huyo mtoto ni mdogo hivyo?" "Wasichana wa Ukambani wanazaa kabla wajue kupika." Halafu kuna mmoja, profaili yake inasema anasomea udaktari, akatuandikia kama mhadhara: ati watoto wanadumaa Kitui na Makueni kwa sababu akina mama hawajui lishe bora. Wafundishwe tu, mambo yataisha. Laiki kibao.

Nilitaka kumjibu kwa video ya kelele. Nikaona hapana, hii wacha niandike.

Kwanza nikubali alipo na haki. Kudumaa si hadithi. Utafiti wa kitaifa wa 2014, ule wa KDHS, ulikuta Kitui iko juu kabisa pamoja na Pokot Magharibi: asilimia 46 ya watoto chini ya miaka mitano walikuwa wafupi kuliko umri wao. Karibu nusu, wasee. Kenya nzima ilikuwa asilimia 26, na kufikia 2022 ikashuka hadi 18. Kitui nayo imeshuka kutoka pale. Kwa hivyo swali si kama shida iko. Swali ni kwa nini kila tukiiona, kidole cha kwanza kinamwendea mama.

Daktari mtarajiwa, wacha nikupe lishe bora ya huku kwetu. Mwaka 2004, akina mama wa Makueni na Kitui walipika kile kile wanachopika kila siku: mahindi. Walipika vizuri, kwa sufuria safi. Mahindi yalikuwa na aflatoksini, ile sumu ya ukungu unaoingia nafaka ikiwekwa na unyevu. Watu 317 wakaugua, 125 wakafa, wengi wao kutoka kaunti hizi mbili (wakati huo zilikuwa wilaya). Watafiti walipopima mahindi ya sokoni, zaidi ya nusu ya sampuli zilikuwa zimepita kiwango kilichoruhusiwa. Za sokoni, si za ghala la mama fulani mvivu. Mama akienda kununua kwa hela yake, ananunua sumu. Na haikuwa mara ya kwanza, mwaka 1981 ilishatokea pande hizi hizi, wagonjwa 12 kati ya 20 wakafa hospitalini. Sasa niambie, ni somo gani la lishe lingewaokoa hao? Harufu haina, rangi unaweza usiione.

By the way, susu zetu walikuwa wanakoboa mahindi kutengeneza muthokoi tangu zamani, na utafiti wa 2008 ulionyesha kule kukoboa kunapunguza hiyo sumu. Hakuna aliyewafundisha hilo kwenye semina ya hoteli.

Lakini hii posti si ya mahindi. Ni ya binamu yangu, na amenikubalia niiandike, bora jina lake lisitokee.

Alipata mimba akiwa Form Three. Miezi yote ile nyumbani hakuna aliyempiga, hakuna aliyemfukuza. Walinyamaza tu. Baba yake alikuwa akiingia jikoni, anachukua chai, anatoka, kama hakuna mtu ameketi pale. Mtoto akazaliwa. Kliniki akawa anaenda kila mwezi, kijitabu cha mama na mtoto mkononi, na kila mwezi ni yale yale: mtoto kwenye mizani, utepe kwenye mkono wa mtoto, rangi ya manjano. Halafu sauti mbele ya benchi nzima: "Wewe mama, unampa huyu mtoto nini?" Yeye alikuwa na miaka 17. Anasema akiitwa "wewe mama" alikuwa anageuka nyuma kuona ni nani anaitwa.

Hakuna hata siku moja mtu aliyemuuliza, na wewe unalala? Unakula? Uko sawa?

Isipokuwa siku moja. Walikuja watu wa utafiti, wawili, wana tabuleti na jaketi zinazofanana. Sitawataja, na sina haja. Wakamuuliza maswali kumi. Nimekuja kujua baadaye ni yale ya Edinburgh, yalitengenezwa 1987 kuangalia kama mama ana huzuni nzito, depresheni, baada ya kuzaa. Ni maswali mazuri. Kama bado unacheka mambo yakichekesha. Kama unajilaumu bure. La kumi linauliza kama umewahi kufikiria kujidhuru.

Binamu yangu alijibu ndiyo, wakati mwingine.

Yule dada akabonyeza. Akamshukuru. Akampa kipande cha sabuni na leso. Wakaondoka na pikipiki yao, na huo ndio ulikuwa mwisho wa maneno.

Ameniambia haya miaka miwili baadaye, tukiwa tunapura kunde, kwa sauti ya mtu anayekuambia bei ya nyanya. "Nilidhani watarudi. Nilikaa kama wiki mbili nikiskiza pikipiki."

Mimi sitoki hapo. Wiki mbili, msichana wa miaka 17 anaskiza kila pikipiki inayopanda mlima, kwa sababu mara ya kwanza maishani mtu amemuuliza swali la kweli na yeye akajibu ukweli.

Sasa nisikizeni vizuri, kwa sababu najua mtasema nachukia utafiti. Sichukii. Hata ninayoyasema hapa nimeyatoa kwa tafiti. Kundi la Profesa David Ndetei limefanya kazi ya afya ya akili Makueni kwa miaka, na 2020 walichapisha utafiti wa wasichana wajawazito wa kaunti hiyo na mawazo ya kujiua. (Si hao waliokuja kwa binamu yangu, tusichanganye.) Wasichana walitaja nini? Umaskini, kupigwa na mpenzi, kukataliwa na familia, kutengwa na kusemwa na watu, magonjwa ya muda mrefu. Soma hiyo orodha tena. Kuna mahali umeona "sikujua mchicha una madini"?

Na ujue hiki: wakati wasichana wale wanafungua mdomo, kujaribu kujiua Kenya ilikuwa kosa la jinai, kifungu cha 226, mpaka miaka miwili jela. Mahakama Kuu ilikuja kutangaza kuwa hicho kifungu kinakiuka Katiba Januari 2025. Juzi tu. Msichana aliyesema ukweli wake kabla ya hapo alikuwa anamwambia mtu asiyemjua kitu kinachopakana na kesi.

Unaweza kuuliza, haya na urefu wa mtoto yanahusiana vipi? Yanahusiana sana. Mwaka 2011 jarida la WHO lilitoa uchambuzi uliokusanya tafiti 17 za nchi 11, karibu mama na watoto 14,000. Watoto ambao mama zao walikuwa na dalili za depresheni walikuwa kwenye hatari kubwa zaidi ya kudumaa au kuwa na uzito mdogo. Inaeleweka hata bila digrii. Mtu asiyeweza kuamka kitandani hawezi kufika mtoni Tiva kuchimba maji mchangani, arudi, achemshe, alishe mtoto mara tano kwa siku kama ile picha ya ukutani kliniki inavyomwambia.

Na inatibika! Hiyo ndiyo inaniuma. Kule vijijini Rawalpindi, Pakistan, walichukua wahudumu wa kawaida wa afya, akina mama wa kutembea nyumba kwa nyumba, wakawafundisha mazungumzo ya kumsaidia mama mwenye depresheni. Matokeo yakatoka 2008: baada ya miezi sita, waliobaki na depresheni walikuwa asilimia 23, na upande ambao haukupata hayo mazungumzo, asilimia 53. Nisiwadanganye, watoto hawakuruka urefu ghafla. Lakini waliharisha kidogo na walimaliza chanjo zaidi. Hakuna mashine iliyonunuliwa. Ni mtu kukaa na mtu.

Sisi hao watu tunao. Septemba 2023 serikali ilizindua wahudumu wa afya ya jamii laki moja, mkoba mgongoni, ndani kuna mizani, kipimajoto, mashine ya presha. Wanajua kila nyumba na njia ya panya ya kufika. Yule wa kwetu anapita kwa binamu yangu kila mara. Anapima mtoto. Kumpima mama roho hakuna aliyemfundisha, na hela anayolipwa ni elfu tano kwa mwezi, nusu kutoka Nairobi na nusu kutoka kaunti, zikifika.

Hata hela kidogo kwa mama ina kazi. Kitui kulikuwa na majaribio yanayoitwa NICHE, kuanzia 2016 hivi: familia ambazo tayari zilikuwa kwenye msaada wa serikali zikaongezewa shilingi 500 kwa mwezi kwa mjamzito au mtoto mdogo, zisizidi 1,000, pamoja na mhudumu wa kuwatembelea nyumbani kuwashauri. Baadaye ikapelekwa Turkana, Marsabit, Pokot Magharibi na Kilifi. Angalia hapo, daktari mtarajiwa: ushauri ulikuwepo, lakini uliingia mlangoni pamoja na hela. Ushauri mtupu ni kumwambia mtu ale mayai wakati kuku ameuzwa kulipa boda ya kwenda kliniki.

Kwa hivyo ninachotaka ni hiki, na sioni kama ni kikubwa. Ukija kijijini kwetu na swali la kumi, uje na mtu wa kubaki. Jina, nambari ya simu, siku ya kurudi. Kama bajeti yako ina hela ya jaketi na haina ya huyo mtu, basi usiulize hilo swali, pima mahindi uende. Na ukimaliza, rudi. Kuna baraza ya chifu, kuna kanisa, kuna chama cha akina mama kila Alhamisi chini ya mwembe. Waambie kwa Kikamba ulichokipata kwao. Wasisikie kwangu, mtu wa TikTok aliyesoma usiku kwa bando za kuomba.

Na nyinyi wa komenti, wengi wenu mko Pipeline na Umoja kama mimi, mama zenu wako Mwingi, Kibwezi, Mutomo. Mkipiga simu Jumapili mnauliza mvua, mnauliza ng'ombe, mnauliza mtoto wa fulani ameanza shule. Nilikuwa hivyo hivyo. Nimemjua binamu yangu maisha yangu yote na niliskia haya kwa sababu umeme ulikuwa umepotea na kunde zilikuwa nyingi.

Nilimsomea hii posti kwa simu kabla niiweke. Akanyamaza, nikadhani neti imekatika. Halafu akasema niongeze kwamba leso iliyeyuka rangi mara ya kwanza kuoshwa, na kwamba mtoto juzi amefika kijani.