Barafu kwa mguu uliopasuliwa: Nafuu rahisi inayohitaji uangalifu

BARABARA kuu ya Eldoret kuelekea Nakuru hupita Cheptiret, na kutoka hapo bodaboda ndizo huwafikisha wakazi wengi wa Kesses mashambani, sokoni na katika Chuo Kikuu cha Moi. Usafiri huo umewapa vijana riziki. Hata hivyo, umeleta majeraha pia, hasa ya miguu, kwa kuwa mfupa wa muundi uko karibu na ngozi na hauna kinga pikipiki inapogongwa ubavuni.

Waliovunjika vibaya hupelekwa Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi mjini Eldoret, ambako mifupa huunganishwa kwa vyuma. Mgonjwa anaporuhusiwa kwenda nyumbani, mtihani wa pili huanza. Mguu huvimba, maumivu huzidi usiku na vidonge huisha. Wapo wanaoongeza vya dukani bila ushauri, ilhali baadhi ya dawa za maumivu zikizidishwa hudhuru tumbo na figo.

Hapa ndipo barafu ina nafasi yake. Baridi hubana mishipa midogo ya damu, hivyo majimaji yanayovuja na kuleta uvimbe hupungua. Vilevile, hupunguza kasi ya neva zinazopeleka habari za maumivu kwenye ubongo. Nafuu hiyo ni ya muda, lakini huweza kumpa mgonjwa usingizi na kumpunguzia haja ya dawa kali.

Ushauri huu si mpya. Mnamo 1978, daktari Mmarekani Gabe Mirkin alieneza kanuni ya kupumzisha kiungo kilichoumia, kukiwekea barafu, kukifunga bendeji na kukiinua. Mwaka 2014 alibadili msimamo kuhusu barafu, akisema kuwa uvimbe wa mwanzo ni sehemu ya mwili kujiponya na kwamba baridi iliyopitiliza huenda ikachelewesha kupona. Kwa hivyo, barafu hutuliza maumivu, haiungi mfupa.

Matumizi yake yana masharti. Barafu hufungwa katika mfuko wa plastiki usiovuja, ikazungushiwa taulo, na kuwekwa kwa dakika 15 hadi 20, kisha ngozi hupumzishwa kwa saa moja au mbili. Ikigusa ngozi moja kwa moja huweza kuiunguza. Kidonda na plasta havipaswi kulowa. Mwenye kisukari, ganzi au damu isiyofika vyema miguuni asiitumie kabla ya kumuuliza daktari, kwa sababu huenda asihisi ngozi ikidhurika.

Hatari kubwa zaidi ni kuyafunika maumivu yanayotoa onyo. Mguu ukikaza kama ubao, maumivu yakakataa dawa na kuzidi vidole vinaponyooshwa, au vidole vikafa ganzi na kubadilika rangi, huenda shinikizo ndani ya misuli linazuia damu. Hilo halingoji asubuhi. Mgonjwa arudishwe hospitalini mara moja.

Katika boma lisilo na jokofu, barafu yenyewe ni anasa. Lakini chupa ya maji ya kisima yaliyopoa, ikizungushiwa kitambaa, huweza kuleta nafuu kiasi. Kuuinua mguu juu ya mito hadi upite usawa wa moyo hakugharimu chochote, na pengine ndiyo hatua inayosahaulika zaidi.

Tangu Oktoba 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) imechukua nafasi ya NHIF, na mjadala umehusu zaidi nani atalipia matibabu. Yanayofuata nyumbani hayazungumzwi sana. Serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya wa vijijini zaidi ya 100,000 mnamo Septemba 2023. Iwapo hao watafunzwa kumtembelea aliyepasuliwa na kuukagua mguu wake, na iwapo hospitali itampa maelezo yaliyoandikwa kwa lugha anayoielewa, kazi ya daktari wa upasuaji haitapotea njiani kati ya Eldoret na Kesses.