Kabla ya mtambo, mlipeni mwenye reki
Na Zubeda Mrisho

Mji mdogo ukipandishwa hadhi huanza kuota stendi ya kisasa, taa za barabarani na soko la ghorofa. Majitaka hukumbukwa masika yakianza, pale jirani anapotoboa shimo lake usiku, "akalitapisha", na uchafu ukateremka na mtaro hadi kwa watu wa bondeni. Bwana afya akija asubuhi, mtaa mzima ulikuwa umelala, hakuna aliyeona kitu.

Ndipo madiwani huitwa kikaoni, na hakosekani wa kupendekeza mtambo wa mapampu na mota, na fundi wa kuagizwa. Ningewaomba wapande basi hadi Moshi, kisha washuke Mabogini. Huko chini ya mji, kwenye tambarare ya mpunga, ndiko yaliko mabwawa yanayosafisha majitaka ya manispaa.

Mabwawa ya aina hii hayana miujiza. La kwanza huwa na kina cha mita 2 hadi 5. Hewa haifiki chini, taka nzito hutuama, na bakteria huzila gizani. Harufu, ikiwapo, hutoka hapo. Linalofuata ni la mita 1.5 hivi, na humo kazi ni ya mwani: mchana hupata jua na kutoa oksijeni, nao bakteria huitumia kumalizia uchafu uliobaki. Ndiyo maana maji yake ni ya kijani. Ya mwisho huwa na kina kifupi zaidi, jua lipenye na kuua vijidudu. Mayai ya minyoo yanakuwa yameshazama njiani. Ulaya kazi hii hudorora wakati wa baridi. Sisi jua tunalo mwaka mzima, bure, halafu tunatafuta mkopo wa kununua mota.

Ubaya ni kwamba kitu kisicho na mashine hakipangiwi fedha. Nendeni mkasimame majitaka yanapoingilia, penye chekeche la vyuma. Mtaona taulo za watoto, pedi, mifuko, vitambaa, pengine hata kandambili. Yote hayo huvutwa kwa reki na mtu aliyevaa buti za mpira, na kesho yake yanakuwa yamejaa tena. Nyasi za kingoni zisipofyekwa, mbu wanazaliana. Utando wa juu usipoondolewa, mwani unakosa jua. Tope la bwawa la kwanza lisipozolewa kila baada ya miaka michache, kina kinapungua, majitaka yanapita mbio bila kutulia, na yanatoka karibu kama yalivyoingia. Hakuna king'ora kitakacholia. Bwawa hufa huku kwenye taarifa ya robo mwaka likisomeka kuwa linafanya kazi.

Wa kwanza kujua ni mkulima. Mabogini maji yanayotoka mabwawani yameotesha mpunga, na sioni sababu ya kumfukuza mkulima kwa mgambo kama inavyofanyika kwingine. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 1989, liliweka kipimo cha maji ya kumwagilia mazao yanayoliwa mabichi: bakteria wa kinyesi wasizidi 1,000 katika mililita 100, na yai la mnyoo lisizidi 1 kwa lita. Kwa nyanya ya kachumbari hapo hakuna mjadala. Mpunga unakobolewa na kupikwa, lakini anayeupanda anashinda matopeni, magoti yakiwa majini. Buti na dawa za minyoo ni haki yake.

Kwa hiyo, waheshimiwa, mshahara wa mwenye reki na fedha za kuzoa tope viingie kwenye bajeti kabla mkandarasi hajaondoa katapila lake. Mkulima apewe kiti kwenye kamati. Maji yapimwe kila mwezi na majibu yabandikwe ofisi ya kijiji, kwa herufi kubwa kama zile mnazoandikia majina ya wadaiwa wa bili.