Kabla hujanunua mashine ya kuoshea mazulia, hesabu mazulia yako



Leo naongea na wale tunaouza mazulia ya mtumba mtandaoni. Swali ninaloulizwa sana siku hizi ni hili: ninunue mashine ya kuoshea, au niendelee kupeleka kwa watu wa kuosha? Video zinazunguka kila sehemu. Mashine inapita juu ya zulia jeusi kwa uchafu, linabaki jeupe kama jipya. Ukiiangalia mara tatu unaanza kutafuta hela.

Msimamo wangu nausema mapema. Kama unauza zulia 5 mpaka 10 kwa mwezi, usinunue. Peleka kwa wanaoosha, hela ya mashine iache izunguke kwenye mzigo. Mimi nauzia hapa Pito, Sumbawanga, na mpaka leo sina mashine. Ila ipo siku mashine inalipa, na hiyo nayo nitaisema.

1. HESABU KWANZA

Chukua bei ya mashine. Gawanya kwa kiasi unachookoa kwenye kila zulia ukiosha mwenyewe. Jibu ndo idadi ya mazulia unayotakiwa kuosha mpaka hela yako irudi.

Namba hizi ni za mfano, wewe weka za kwako. Tuseme mashine ni 600,000. Kuoshewa zulia moja ni 10,000. Ukiosha mwenyewe: sabuni 1,000, maji 500, umeme 500, kijana wa kukusaidia kubeba na kuanika 3,000. Jumla 5,000. Kwa hiyo kila zulia unaokoa 5,000. Laki 6 gawanya kwa 5,000 unapata mazulia 120.

Anayeuza mazulia 30 kwa mwezi, hela yake inarudi ndani ya miezi 4. Anayeuza 6 kwa mwezi anasubiri miezi 20. Mashine ni ile ile, bei ni ile ile. Na hapo hatujaweka fundi wala kipuri hata kimoja.

Kuna wanaosema, "Kijana wa nini? Nitaosha mwenyewe." Sawa, ila muda wako nao una bei. Sisi wa mtandaoni tunauza kwa kujibu haraka. Mteja kauliza bei saa nne asubuhi, wewe mikono imejaa povu, unamjibu saa saba. Huyo ameshalipia kwa mwingine.

Na tafadhali, usiende kukopa kausha damu kwa ajili ya mashine. Kwa mfano wetu, mazulia 2 kwa wiki yanakuokolea 10,000. Niambie ni mkopo gani wa laki 6 wenye rejesho la 10,000 kwa wiki. Haupo. Maana yake rejesho utalitoa kwenye mtaji wa mzigo, na mzigo ukiisha utabaki na mashine safi na duka tupu.

2. MASHINE ZIPO ZA AINA MBILI

Wengi wanazichanganya. Kuna ya presha, ile ya kuoshea magari, inarusha maji kwa nguvu. Na kuna ya kunyonya, inamwaga maji yenye sabuni kisha inayavuta tena pamoja na uchafu.

Ya presha ndogo inatoa kama lita 5 mpaka 8 kwa dakika. Dakika 20 ni lita 100 mpaka 160, yaani ndoo kubwa 5 mpaka 8 kwa zulia moja. Kama maji unanunua kwa ndoo, hesabu hapo hapo. Na ukimaliza, zulia limelowa mpaka mgongoni, zito kama mtu. Presha inaosha, kukausha ni juu yako.

Ya kunyonya ni nzuri zaidi kwa mazulia, ila inategemea umeme mwanzo mwisho. Soma kibandiko chake. Yenye wati 1,500 ikifanya kazi nusu saa inakula uniti 0.75. Mazulia 30 ni uniti 22.5. Kama mita yako ya nyumbani iko kwenye kundi la matumizi madogo la TANESCO, kikomo ni uniti 75 kwa mwezi. Ukizoea kuvuka unahamishwa kundi, na bei ya uniti inapanda kwa nyumba nzima: taa, pasi, friji, vyote. Hiyo kwenye video hawakuonyeshi.

3. KAZI KUBWA NI KUKAUSHA

Hapa naomba msome taratibu, maana ndipo hela zetu zinapopotelea.

Ufipa ni juu. Sumbawanga tuko karibu mita 1,800 kutoka usawa wa bahari. Mwezi wa sita na wa saba baridi tunaijua wenyewe. Mvua zikianza Novemba, mpaka Aprili unaanika kwa kuvizia. Zulia la manyoya linakauka juu mapema, mgongoni bado bichi. Ukipapasa unasema limekauka. Unalikunja, unalitia kwenye kiroba, unalipakia kwenye basi la Mpanda au gari la Namanyere. Mteja akifungua kesho yake, harufu inamtangulia mlangoni.

Mteja wa dukani ananusa kabla hajalipa. Mteja wetu sisi anaona picha tu, na picha hainusi. Amekuamini kwa hela yake. Likifika linanuka, utarudisha hela na nauli ya kwenda na kurudi imekula kwako, na akiweka kwenye stetasi yake unapoteza watu ambao hata hukuwajua.

Zulia likikaa na unyevu zaidi ya siku moja au mbili, ukungu unaanza. Ukishaingia kwenye mgongo, kuutoa ni kazi kuliko kuosha kulikokuwa. Kwa hiyo ukinunua mashine peke yake umenunua nusu ya kazi. Nusu nyingine ni uwanja, nguzo imara za kuanikia, na sehemu yenye bati juu lakini upepo unapita. Chumba cha kupanga na kamba moja ya nguo havitoshi.

Ndo maana mimi nasema anayeoshea watu tunamlipa zaidi kwa kukausha kuliko kwa kuosha. Na sharti langu kwake ni moja: nalichukua likiwa kavu mpaka mgongoni, hapo ndipo namlipa. Mvua ikinyesha siku tatu, zulia liko kwake, halinukii kwangu.

4. UKIPELEKA, PELEKA KWA MASHARTI

Kupeleka nako kuna hasara zake kama unakabidhi tu na kuondoka. Vijana wengi wamezoea magari, na zulia sio gari. Fanya hivi:

- Kung'uta vumbi kabla ya maji. Ligeuze, lipige mgongoni. Vumbi likikutana na maji linakuwa tope ndani ya manyoya.

- Jaribu rangi. Lowesha kitambaa cheupe, bonyeza kwenye kona dakika moja. Kitambaa kikitoka na rangi, mwambie muoshaji mapema, maji kidogo na lisilowekwe.

- Angalia mgongo. Kama gundi imeanza kupasuka au kumeguka, presha isisogezwe karibu, itabandua kabisa. Kama mgongo ni wa nyuzi za katani au juti, maji mengi yanaweza kuufanya usinyae na kuacha madoa ya kahawia.

- Jua kama ni sufu au plastiki. Chomoa uzi mmoja, uchome kwa kiberiti mbali na zulia. Ukinuka kama nywele zilizoungua na kuwa majivu, ni sufu. Ukiyeyuka na kuganda kama tone gumu, ni plastiki. Sufu usiiguse na Jik wala maji ya moto. Jik inaila sufu yenyewe, sio doa tu.

- Sabuni iwe kidogo, isuuzwe mpaka maji yatoke meupe. Sabuni ikibaki kwenye manyoya inavuta vumbi, na baada ya wiki mbili mteja anasema umemuuzia zulia chafu.

- Omba bei ya jumla. Peleka mazulia 4 kwa pamoja siku ambazo hana magari mengi, usiende na moja moja Jumamosi. Piga picha kabla ya kukabidhi, mbele na mgongoni.

Najua mtasema, wanaoosha wanachelewesha. Ni kweli. Ila dawa ya kuchelewa ni kupeleka mapema, sio laki 6. Mzigo ukifungua leo, yanayohitaji kuoshwa yaende leo. Posti yale ambayo yako safi, mengine yakirudi unaposti. Na yapo mazulia ambayo hayahitaji kuoshwa kabisa, yanahitaji kung'utwa na kupigwa jua. Usioshe kwa mazoea.

5. NI LINI UNUNUE

Mimi nitanunua vitu vitatu vikitimia kwa pamoja. Kwanza, daftari linaonyesha mazulia 25 au zaidi ya kuosha kwa mwezi, miezi mitatu mfululizo, na mmoja wa miezi hiyo uwe wa mvua. Pili, nina sehemu ya kukaushia yenye paa. Tatu, hela ni ya faida, sio ya mtaji wala ya mkopo wa riba. Na nitanunua ya kunyonya.

Kama mazulia yako hayafiki 25, unaweza kujazia kwa kuoshea wengine: nyumba za wageni, makanisa, maofisi. Ni biashara nzuri, ila jua ni biashara nyingine, ina wateja wake na kero zake. Usiingie humo kwa sababu tu mashine imekaa bure.

Kuna njia ya katikati ambayo hatuiongelei. Marekani, ambako hela ya mashine sio tatizo kama kwetu, watu wengi bado wanakodi. Mashine za Rug Doctor zinakaa madukani, unakodi, unaosha, unarudisha. Kwa nini sisi wanne au watano tusiwe na moja? Kikundi cha vijana au cha wanawake kilichosajiliwa kinaweza kuomba mkopo wa halmashauri, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Hauna riba. Mashine ya kikundi inapata mazulia 30 kwa mwezi bila shida, na ile hesabu ya miezi 4 inakuwa ya kweli. Ila andikianeni mapema nani anaitunza, nani analipa ikiharibika, na zamu zinaendaje. Vikundi vinavunjwa na mambo hayo, sio na mashine.

Kwa sasa fanya hili tu. Chukua daftari, mwezi huu andika kila zulia ulilopeleka kuosha, umelipa shilingi ngapi, limekauka baada ya siku ngapi, na kama mteja alilalamika. Mwisho wa mwezi piga hesabu ya namba 1 kwa namba zako mwenyewe. Jibu litakalotoka hapo lifuate, hata kama ni tofauti na langu.

Ukiona inamsaidia mwenzako anayetafuta hela ya mashine muda huu, mtumie kabla hajalipa.