Laiti lingefika? Mimi nasema afadhali lilirudi!

Wandugu zangu wa Newala, Mtwara, Dar na kwingineko, nawasalimu kutoka Bloomington. Nimetoka zamu ya usiku na macho mekundu, lakini silali mpaka nimjibu mdogo wangu aliyetutumia ile video ya L 59 na kuandika chini yake: "Ajabu ya uhandisi iliyosahaulika. Laiti lingefika!"

Kwa ambao hamkuiona: L 59 lilikuwa puto la kivita la Wajerumani, aina ya zeppelin, lenye injini 5 na urefu wa mita 226, yaani viwanja viwili vya mpira ukiviunga. Novemba 21, 1917 liliondoka Jamboli, Bulgaria, na takriban tani 15 za shehena, risasi na dawa humo humo, kumpelekea Lettow-Vorbeck aliyebanwa kusini mwa nchi yetu. Lilikusudiwa kushuka kwetu kabisa, nyanda za juu za Makonde! Usiku wa kuamkia tarehe 23, likiwa limeshafika magharibi ya Khartoum, likaitwa kwa redio lirudi, kwa kuwa Wajerumani walikuwa wakifukuzwa kutoka nyanda hizo. Lilitua Jamboli tarehe 25, baada ya saa 95 hewani na kilomita 6,757. Siku hiyo hiyo Lettow akavuka Ruvuma.

Nitoe haki kwanza. Hata mimi nilivutiwa. Hapa Saint Paul, mji jirani, ndipo Zeppelin mwenyewe alipopanda puto kwa mara ya kwanza, Agosti 1863. Na L 59 lilibuniwa kwa akili sana: kwetu hakukuwa na gesi ya kulirudisha, kwa hiyo lingefumuliwa lote. Ngozi ya nje iwe mahema, kitambaa cha ndani kiwe bandeji, mifupa yake iwe mnara wa redio. Muuguzi gani hatapenda chombo kinachogeuka bandeji?

Lakini jamani, bandeji hiyo ilisafiri na risasi. Mnasema ingeokoa watu. Ingeokoa wangapi, na risasi zile zingeumiza wangapi? Mimi kazini sisifiwi kwa kufunga kidonda huku nikimpa mgonjwa kisu akachome wengine.

Halafu tupige hesabu ambayo video haikupiga. Mpagazi alibeba kama kilo 25. Tani 15 ni mizigo ya watu 600. Puto lingeshuka, wahandisi wangepigiwa makofi, kisha nani angetwishwa yale masanduku porini? Babu zetu! Wale waliotolewa mashambani kwa nguvu, pande zote mbili. Upande wa Waingereza peke yake walikufa wapagazi kama 95,000, na wengi hawakuuawa na risasi. Waliuawa na kuhara damu, malaria na njaa. Dawa ya mengi ya hayo, niwaambie kama muuguzi, ni maji safi, chakula, mapumziko na vita kwisha. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichokuwemo kwenye tani 15 zile. Risasi zingerefusha vita, na vita hata bila hizo viliendelea mwaka mzima, mpaka Lettow aliposalimu amri Novemba 25, 1918.

Bibi alitusimulia habari za babu yake aliyechukuliwa kubeba mizigo na hakurudi. Hakuna kaburi. Askari ana sanamu yake pale Posta, Dar. Mpagazi ameachiwa jina la soko, Kariakoo, na wengi wanaonunua nyanya pale hawajui kwamba limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wabeba mizigo.

Basi tukilipima puto hili, tusipime urefu wake na saa zake tu. Tuulize lilibeba nini, kwa ajili ya nani, na nani angepokea mzigo likishatua. Kwa kipimo hicho, safari yake bora ni ile ya kurudi. Lenyewe liliungua hewani Aprili 1918 karibu na Italia, na wote waliokuwemo wakafa. Nao walikuwa watoto wa watu, sifurahii.

Mdogo wangu usininunie. Wewe unatuita sisi huku wabeba boksi, basi leo mbeba boksi amewatetea wabeba mizigo. Nenda kamuulize bibi jina la babu yake, uniandikie. Hilo ndilo lililosahaulika.

Ngoja nilale. Tupo pamoja!