Alama za wahakiki na hasira za mashabiki: Call of Duty inatufundisha nini?

NOVEMBA 8, 2011 mchezo wa video wa vita uitwao Call of Duty: Modern Warfare 3 uliingia sokoni. Katika saa 24 za kwanza ziliuzwa nakala zipatazo milioni 6.5 katika nchi mbili tu, Marekani na Uingereza, na kuiingizia kampuni ya Activision kiasi cha Dola za Marekani milioni 400. Siku 16 baadaye mauzo duniani yalikuwa yamefikia Dola bilioni moja. Wahakiki nao waliridhika. Katika tovuti ya Metacritic, ambayo hukusanya hukumu za wahakiki na kuzifanya kuwa nambari moja, toleo la Xbox 360 lilipata wastani wa alama 88 kati ya 100.

Lakini katika ukurasa ule ule, pembeni mwa nambari hiyo, ilikuwapo alama nyingine. Hiyo ilitolewa na wachezaji wenyewe, na haikufika hata 4 kati ya 10.

Tofauti hiyo ilimshtua Glen Schofield, mmoja wa viongozi wa Sledgehammer Games, kampuni iliyoutengeneza mchezo huo kwa kushirikiana na Infinity Ward. Kupitia Twitter aliwaomba walioupenda mchezo waende kuipandisha alama ya wachezaji, akieleza kwamba ilikuwa chini kiasi cha kutia shaka. Ndivyo ilivyokuwa: kiongozi wa kazi iliyokuwa ikivunja rekodi za mauzo alisimama hadharani kuomba kura.

Kila mzozo wa namna hii unapozuka, husikika majibu mawili mepesi. Wapo wanaosema wahakiki wamenunuliwa. Wapo pia wanaosema mashabiki ni watoto wenye hasira wasiojua wanachokitaka. Yote mawili yana chembe ya ukweli, lakini hakuna linalotosha. Ukiyatazama kwa makini yaliyotokea tangu mwaka 2009, utabaini kwamba pande hizi mbili haziulizwi swali moja, ingawa majibu yao huwekwa kando kwa kando kana kwamba yanalingana.

Kazi na biashara

Mhakiki hupima kazi. Hutazama kama picha zimechorwa vizuri, kama silaha zinatii mkono wa mchezaji, kama hadithi inashikamana. Mara nyingi nakala anayoitumia ameletewa na kampuni yenyewe kabla ya siku ya kuuzwa. Shabiki yuko katika hali nyingine kabisa. Ametoa fedha zake mfukoni, na huenda alitoa kiasi hicho hicho mwaka uliotangulia kwa mchezo wa mfululizo huo huo. Wengi walioshusha alama mwaka 2011 walilalamika kwamba Modern Warfare 3 ulifanana mno na Modern Warfare 2 wa mwaka 2009. Kwa mhakiki, kitu kilichozoeleka na kutengenezwa vizuri bado ni kizuri. Kwa mnunuzi, ni deni jipya kwa kitu cha zamani.

Hata mchezo huo wa 2009 ulikuwa na mgogoro wake. Wanaochezea kwenye kompyuta walizoea kuendesha seva zao wenyewe, wakachagua wa kucheza naye na kanuni za kufuata. Activision na Infinity Ward wakaiondoa nafasi hiyo. Zaidi ya watu 100,000 walitia saini waraka wa malalamiko katika intaneti, na wengine wakaunda kundi la kuususia mchezo. Wahakiki waliupa toleo la kompyuta alama 86. Siku ulipotoka, ikasambaa picha iliyowaonyesha wanachama wengi wa kundi hilo la kususia wakiwa wanaucheza mchezo huo huo. Ilikuwa aibu, lakini pia ilikuwa maelezo: waliupenda mchezo, wakachukizwa na masharti yake. Hakuna nambari moja inayoweza kuyasema yote mawili.

Mwaka 2019 jambo lilikuwa zito zaidi. Oktoba 25 ilitolewa Call of Duty: Modern Warfare mpya, na wahakiki wengi wakausifu. Ndani yake imo sehemu inayoitwa "Highway of Death", ambamo inaelezwa kwamba Warusi ndio walioshambulia kwa mabomu barabara iliyojaa watu waliokuwa wakikimbia, katika nchi ya kubuni. Jina hilo, hata hivyo, ni la barabara halisi itokayo Kuwait kwenda Basra. Mwaka 1991 ndege za majeshi yaliyoongozwa na Marekani ziliishambulia misafara ya Wairaki waliokuwa wakirudi nyuma katika barabara hiyo. Wachezaji wa Urusi na wenzao wa nchi nyingine waliushambulia mchezo kwa alama za chini kabisa. Hawakuwa wakizungumzia picha wala silaha. Walikuwa wakipinga historia kubandikwa jina la mwingine, jambo ambalo katika hukumu nyingi za wahakiki halikupunguza alama.

Fedha nyuma ya alama

Shaka ya mashabiki juu ya wahakiki haikuzuka hewani. Novemba 2007 Jeff Gerstmann, mhariri wa tovuti ya GameSpot, aliupa mchezo wa risasi uitwao Kane & Lynch: Dead Men alama 6 kati ya 10. Wakati huo tovuti hiyo ilikuwa imepambwa kwa matangazo ya mchezo huo huo. Gerstmann alifukuzwa kazi. Alipopata nafasi ya kusema mwaka 2012, alithibitisha kwamba chanzo kilikuwa shinikizo la watangazaji lililotokana na alama alizotoa. Msomaji aliyeushuhudia mkasa ule hawezi kulaumiwa akiitazama alama ya 9 kwa jicho la pembeni.

Hata hivyo, alama hizo hizo zimebeba riziki za watu wasio na hatia. Kampuni ya Obsidian ilipotengeneza Fallout: New Vegas mwaka 2010, mkataba ulisema ingelipwa bonasi endapo mchezo ungefikisha 85 katika Metacritic. Ulipata 84. Jambo hilo lilifichuliwa mwaka 2012 na Chris Avellone, mmoja wa viongozi wake. Alama moja tu, tena ya wastani unaotokana na maoni ya watu mbalimbali, iliwanyima wafanyakazi malipo ya jasho lao. Alama ikishageuzwa kuwa hundi, hakuna tena anayeitazama kwa moyo mweupe: si mwenye kampuni, si mhakiki, wala shabiki.

Umati wenye dai moja

Wahenga walisema penye wengi hapaharibiki neno. Lakini katika Metacritic, kwa miaka mingi mtu aliweza kutoa sifuri bila kuthibitisha kwamba ameugusa mchezo. Ilikuwa hadi Julai 2020, baada ya mvua ya alama za chini kuuangukia mchezo wa The Last of Us Part II, ndipo tovuti hiyo ilipoanza kuwataka wachezaji wasubiri saa 36 tangu mchezo kutoka. Duka la Steam lina utaratibu mwingine: anayeandika maoni lazima awe na mchezo wenyewe.

Tofauti hiyo ilionekana Mei 2024. Kampuni ya Sony ilitangaza kwamba wanaocheza Helldivers 2 kwenye kompyuta watalazimika kufungua akaunti ya PlayStation Network. Mtandao huo hauhudumii rasmi nchi nyingi duniani, Tanzania na Kenya zikiwamo. Watu waliokwisha kulipa wakajikuta wanaweza kufungiwa nje ya kitu walichokinunua, na mchezo ukaondolewa sokoni katika nchi zaidi ya 170. Ndani ya siku chache maoni mabaya zaidi ya 200,000 yaliandikwa Steam. Siku tatu baada ya tangazo, Sony iliachana na mpango huo.

Ushindi huo ulikuwa na mpaka wake. Walioumiliki mchezo walibaki nao, lakini zuio la kuuuza katika nchi nyingi liliendelea kwa muda. Kijana wa Dar es Salaam au Nairobi ambaye hakuwahi kuununua mapema alibaki nje, na hakuwa na mahali pa kuandika lalamiko lake, kwa kuwa hakuwa mmiliki.

Linganisha na yaliyotokea mwaka 2023. Call of Duty: Modern Warfare III wa mwaka huo ulipata kwa wahakiki chini ya 60 katika PlayStation 5, na wachezaji nao wakaukataa. Kwa mara moja pande zote mbili zilikubaliana. Pamoja na hayo, mchezo huo ulikuwa wa pili kwa mauzo nchini Marekani mwaka ule. Maelfu ya sifuri hayakumzuia muuzaji, kwa kuwa waliozitoa hawakuwa na sharti moja la kumtaka alitimize, na wanunuzi hawakuacha kununua. Katika Helldivers 2 dai lilikuwa moja, lilieleweka, na muuzaji aliweza kulitekeleza kwa tangazo moja.

Ndiyo maana alama ya mashabiki inafaa kusomwa kama waraka wa malalamiko, na ya wahakiki kama cheti cha fundi. Cheti kinakueleza kama nyumba imejengwa vizuri. Waraka unakueleza jinsi mwenye nyumba anavyowatendea wapangaji. Mwenye kutaka kutoa Dola 70 anavihitaji vyote viwili, na kwa kila kimoja asome maneno yaliyoandikwa chini ya nambari kabla ya kufungua pochi.