Historia ya Safari Rally isiachwe itawanyike

TANGU Safari Rally irejeshwe katika ratiba ya ubingwa wa dunia mwaka 2021, baada ya kukosekana tangu mwaka 2002, mjadala umetawaliwa na gharama, watalii na vumbi la Naivasha. Swali la nani anaitunza historia ya mbio hizo halijapewa uzito unaostahili.

Mfano mmoja unatosha. Datsun 240Z iliyompa Edgar Herrmann ushindi mwaka 1971 imehifadhiwa na kampuni ya Nissan huko Zama, Japani. Kampuni haina kosa, kwani gari ni lake. Lakini hifadhi ya kampuni husimulia ubora wa gari. Hailazimiki kuwakumbuka wanavijiji waliosukuma magari kutoka matopeni, wala mafundi waliokesha wakibadilisha springi kando ya barabara.

Kazi hiyo ni ya makumbusho ya umma. Nairobi yenyewe ina mfano: Makumbusho ya Reli yalianzishwa mwaka huo huo wa 1971. Safari Rally inastahili heshima kama hiyo, maana ndani yake mna historia ya kanda nzima.

Mbio hizo zilianza mwaka 1953 kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II, zikipita Kenya, Uganda na Tanganyika, wakati Kenya ikiwa chini ya sheria ya hali ya hatari. Mwaka 1963 yaliondoka magari 84, yakamaliza saba tu. Joginder Singh, mwana wa Kenya, alishinda mwaka 1965, 1974 na 1976. Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda aliyehamia Kenya mwaka 1972, Idi Amin alipowafukuza Waasia, alitwaa ushindi mwaka uliofuata, wa kwanza kati ya mitano. Ukoloni, uhuru na uhamisho, vyote vimo katika orodha hiyo ya washindi.

Muda hausubiri. Mehta alifariki London mwaka 2006; Singh akafia huko huko mwaka 2013. Waelekezi na mafundi wa zama hizo nao ni wazee. Mzee akiondoka kabla ya kuhojiwa, vikombe, ramani na picha zake hubaki vitu visivyo na maelezo, rahisi kuuzwa au kutupwa.

Wapo watakaouliza fedha zitatoka wapi, na ni swali la haki katika nchi zenye uhaba wa madarasa na dawa. Lakini makumbusho hayaanzi na jengo. Kurekodi sauti za waliobaki na kukusanya nyaraka ni kazi ya gharama ndogo. Magari yanaweza kuazimwa baadaye. Uganda na Tanzania nazo zihusishwe, kwa kuwa barabara zilikuwa zao pia.

Mashindano yanaweza kuondolewa tena katika ratiba, kama ilivyowahi kutokea. Yakiondoka bila hifadhi, wajukuu wetu watalazimika kwenda ng'ambo kusimuliwa habari za barabara za kwao.